Chuma Nilichookota Shambani Kaptagat

Juzi ndege ndogo ilikatika bawa ikaanguka kwenye shamba la ngano huko Kaptagat; rubani alinusurika. Bosi alimwita Otieno, kijana kutoka Nairobi, achunguze. Kila mtu alimwita "Injinia". Mimi, fundi wa ndege niliyejisomea vitabu vya vyuma miaka yote, nilibebeshwa begi lake. Nilimwonea wivu.

Nilipookota chuma kilichovunjikia penye ufa wa zamani, dalili ya chuma kilichochoka, sikukilinganisha na bawa. Nilikiinua juu.

"Injinia, umepita hapa bila kuona? Hiki ndicho kilichoshika bawa!"

Bosi akaniangalia kwa ile heshima niliyoitamani. Mama Jepkoech, mwenye shamba, akanikimbilia.

"Asante sana, Mzee! Hicho ni cha kombaini yangu ya kuvunia ngano. Tulikitafuta mavuno yote."