Jalada la Biblia ya Mama

Mama yangu haamini kwamba ninafanya kazi. Nimemweleza mara nyingi: ninatengeneza vitabu vikuukuu katika maktaba moja hapa Stockholm, vitabu vya Wakristo wa kale wa Misri, vilivyoandikwa kwa Kikopti kwenye karatasi za mafunjo na ngozi. Yeye husikiliza hadi mwisho, kisha huniuliza kama huko kazini tunapewa chakula. Siku nilipomwonyesha kwenye simu picha ya ukurasa wa Injili ulioliwa na wadudu pembe zote nne, aliitazama kwa muda, akanirudishia simu.

"Mnaacha vitu vinaliwa hivi, halafu mnaitana wataalamu," akasema.

Nampenda mno mama huyu, na kwa kuwa sijui kumwambia, hugombana naye. Yeye anakaa kitongoji cha Tumba, mimi cha Alby, na kila Jumapili baada ya ibada huenda kwake kula na kusemwa. Husemwa juu ya nywele zangu, juu ya binti yangu anayemjibu bibi yake kwa Kiswidi, na juu ya basi nililochelewa. Chakula chake kikiwa kitamu sana siku hiyo, najua nitasemwa mara mbili.

Watu wengi hudhani kwamba chenye thamani katika kitabu cha kale ni maandishi yake. Mimi ninapenda majalada. Mafundi wa Misri, karne zile ambazo watawa walikuwa wameanza kujaa jangwani, hawakuwa na kitu kama kadibodi yetu. Walichukua mafunjo yaliyokwisha kutumika, wakayapaka gundi ya unga, wakayabandika tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa magumu, kisha wakayavika ngozi. Basi ndani ya kitabu mna Zaburi, na ndani ya jalada mna barua za watu. Mmoja anamwomba mtawa makapi ya kulisha punda. Mwingine analalamika kwamba aliugua na hakuna ndugu aliyekuja kumwona. Wapo wanaoulizia nguo waliyoiacha mahali. Hawakujua kwamba tutawasoma, kwa hiyo hawakujipamba.

Wanakili wao pia nawapenda. Mtu amenakili kitabu kizima, mgongo umemuuma, macho yamemchoka, na mwishoni anaongeza mistari michache: mnaosoma, nisameheni makosa yangu, niombeeni. Mimi humwombea. Fundi mwenzangu, Mswidi asiyeamini chochote kisichopimika kwa rula, amekwisha kuzoea kunisikia nikinong'ona juu ya meza. Zamani aliniuliza ninasema nini. Siku hizi huzima redio na kusubiri nimalize.

Biblia ya mama ni ya Kiswahili. Alitoka nayo Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ambako yeye na baba walikimbilia kutoka kwao Rumonge, ng'ambo ya mpaka, na ambako mimi nilizaliwa. Baba alikwenda Kigoma mjini kutafuta kazi nikiwa bado mdogo, akaugua, akafa huko huko, akazikwa huko. Sina picha yake. Sauti yake siikumbuki, hata kikohozi. Kila nilipomuuliza mama baba alikuwa mtu wa namna gani, alinijibu neno moja: "Mrefu."

Jalada la kwanza la Biblia hiyo lilikwisha kabla sijapata akili. Mimi nimelijua hili la pili, nene kama kibao cha kukatia mboga, limevikwa kitambaa cha khaki alichokishona mama kwa mkono. Lilikuwa linalala chini ya mto wake. Nikiwa mtoto nilidhani Biblia zote duniani ziko hivyo, na nilipoiona ya jirani, nyembamba na nyeusi, niliihurumia.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, nyuzi za ndani zilikatika. Mama alinikabidhi Biblia ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani.

"Mwanzo inanihama," akasema, "na Ufunuo nayo imefunga mizigo. Wewe unalipwa kushona vitabu vya wafu, mimi niliye hai changu kinachanika. Kishone."

"Nitakishona."

"Shona ndani. Jalada usiguse."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Jumamosi asubuhi niliiweka kwenye meza yangu ya jikoni, mwanga ukiingia vizuri dirishani. Nilipoigeuza niliona khaki imechanika kwenye kona ya nyuma, na kwenye mchaniko ule karatasi zimechungulia, moja juu ya nyingine. Nikazigusa kwa kucha. Gundi ya unga wa muhogo. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Mama yangu, ambaye hajawahi kusikia habari za Wakopti isipokuwa kwa mdomo wangu, tena bila kunisikiliza, alikuwa ametengeneza jalada lao tabaka kwa tabaka.

Kisha nikainua khaki iliyochanika, nikasoma, na kicheko kikaniishia. Mwandiko ulikuwa wa buluu, umeinama kulia, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Juu kabisa palikuwa na maneno "Mke wangu mpenzi". Chini, pale karatasi ilipoingia chini ya nyingine, palisomeka: "Na mtoto mwambie". Basi. Sentensi iliendelea mahali nisipoweza kuona.

Mtoto huyo ni mimi. Hawakupata mwingine.

Binti yangu, anayesomea uuguzi kule Flemingsberg, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nilikuwa nimemsimulia agizo la bibi yake kama kichekesho. Sasa aliniona nikifungua droo ya vifaa vyangu.

"*Mormor sa nej*," akasema. Bibi alikataa.

Nikamwambia aende akasome vitabu vyake.

Ni lazima nieleze nilichofanya, maana ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Asiyejua angevuta karatasi, ingechanika kidogo, naye angeogopa na kuacha. Mimi najua. Gundi ya unga inalegea kwa unyevu. Unachukua karatasi ya kunyonya wino, unailowesha, unaikamua, unailaza juu, unaweka uzito mdogo, unasubiri. Nimeinua mafunjo mengi hivyo. Wino wa wale wanakili ulikuwa wa masizi na utomvu wa mti, na ukiupa unyevu kwa adabu hauondoki mahali pake. Mikono yangu imelelewa na wino huo. Kila mwanafunzi anayekuja kwetu, somo la kwanza ninalompa ni hili: jaribu wino kwanza, kwenye nukta moja, mahali pasipo na maana. Hulirudia hadi wananichoka. Asubuhi ile sikujaribu. Nilikuwa na haraka ya mtoto wa miaka minne.

Baada ya dakika kumi gundi iliachia vizuri sana. Karatasi ya juu iliinuka nzima, na kwa sekunde moja nilijisifu. Chini yake palikuwa na wingu la buluu. Baba aliandika kwa wino wa chupa, ule wa kutilia kwenye kalamu, na wino huo ulikuwa umeyeyuka wote pale nilipolaza karatasi yangu. "Na mtoto mwambie", kisha wingu, kisha chini kabisa, pakavu: "Wasalimie majirani wote. Ni mimi mumeo."

Baba yangu alinitumia neno. Neno hilo lilivumilia mvua ya makazini, likapanda ndege, likakaa katika baridi ya Tumba miaka yote hiyo, halafu mimi, fundi, nikalifuta kwa maji ya bomba. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Binti yangu alikuja, akaniondolea kibano mkononi, na kwa mara hiyo moja hakutumia Kiswidi.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

Jumatatu niliomba ruhusa, nikaiweka karatasi chini ya taa zetu za kazini, zile zinazofufua maandishi yaliyofifia. Hazikufufua kitu. Mwenzangu aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Katika taaluma yetu kuna watu wa zamani ambao tumezoea kuwalaumu, waliopasua majalada ya Kikopti ili wapate barua za ndani, wakapoteza jalada na mara nyingine barua pia. Nimewahi kuwasema vibaya mbele ya wageni wa maktaba. Siku ile niliwaelewa, na sikufurahi kuwaelewa.

Wiki nzima nilishona. Nilitumia uzi wa kitani na mshono ule wa Wakopti, wenye vitanzi vilivyoshikana mgongoni, ambao unakiacha kitabu kifunguke na kulala chali bila kushikiliwa. Jalada nililirudisha mahali pake, na khaki nikaipachika kiraka. Ile karatasi peke yake niliiweka ndani ya bahasha. Sijawahi kushona kitu vizuri vile, na kila kitanzi nilikivuta kwa aibu.

Jumapili nilimkuta mama akipika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaikagua Biblia kama daktari. Alifungua Mwanzo, akaivuta. Alifungua Ufunuo, akaivuta. Akaiweka mezani, ikalala wazi yenyewe kwenye Isaya.

"Umeshona vizuri," akasema.

Maisha yangu yote nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo, na yakaja siku ambayo sikuweza kuyapokea.

"Mama, niligusa jalada."

Nikamtolea bahasha, nikamweleza yote, maji, gundi, wino, dakika kumi. Nilieleza kirefu kuliko ilivyohitajika, kama wafanyavyo watu wenye makosa.

"Asiyesikia la mkuu," akaanza, lakini methali hakuimaliza. Aliichukua ile karatasi akaisoma kwa kidole, polepole, tangu "Mke wangu mpenzi". Midomo yake ilikuwa ikitangulia kidole. Nikagundua kwamba hasomi, anakumbuka. Kidole kikafika kwenye wingu la buluu kikasimama.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "hata sabuni isingeweza kufua hivi."

"Nisamehe. Sina haki ya kukuuliza. Lakini unakumbuka alisema nini?"

Nilikuwa nimekuja na daftari. Katika kazi yetu, neno likipotea na mhariri akalijaza kwa kukisia, huliweka ndani ya mabano ya mraba, msomaji ajue kwamba halikutoka kwenye ukurasa. Nilikuwa nimenakili barua yote, na baada ya "mwambie" nilichora mabano mawili, katikati nikaacha nafasi. Mama aliitazama nafasi ile.

"Hivi ni vya nini?"

Nikamweleza.

"Mimi sikisii," akasema. Alirudi jikoni, akapunguza moto, akanipa mgongo, akikoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Alisema, na mtoto mwambie nimempatia viatu, vyekundu, nitavileta mwenyewe. Aoshe miguu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, lakini sikuandika.

"Uliniambia?"

"Nilikwambia siku ile ile. Tangu hapo kila jioni unaomba maji. Unaosha miguu, unakaa kwenye mkeka umeinyoosha mbele yako, hukubali kukanyaga chini mpaka nikubebe. Habari ya msiba ikaja. Nikakwambia baba hayupo tena. Ukasema ndiyo, mama. Jioni ukaomba maji."

"Sikumbuki hata kidogo."

"Najua. Nilimshukuru Mungu kwa hilo." Alifunika sufuria. "Ningekukataza vipi? Majirani walisema nikukataze. Nikawa nachota maji tu."

"Ndiyo sababu ulizibandika karatasi hizi jaladani?"

Aligeuka akanitazama, mwiko mkononi, macho yamejaa.

"Jioni moja ulikwenda kulala na miguu yako michafu, hukuuliza kitu," akasema. "Kesho yake nikapika gundi."