Vikombe Vitatu vya Sabuni

Mashine ya kufulia ilifika Kisii mjini kwa lori, imefungwa kwa mablanketi. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Mwajiri wangu, Mhindi aliyeuza vitambaa, alitumiwa na kaka yake aliyehamia Uingereza. Wafanyakazi wa nyumba ile tulikuwa wawili: mimi, msichana wa miaka kumi na tisa niliyemaliza darasa la saba, na mama mtu mzima kutoka upande wa Itumbe, aliyefua nguo za familia ile tangu mtoto wao wa kwanza akiwa mchanga. Nilimwita Baba, maana kwa Kikisii neno "baba" ni mama. Yeye ndiye aliyeniombea kazi pale.

Nilidhani mashine itakuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Mke wa mwenye duka akamkabidhi Baba. Mimi nikabaki na nepi, beseni na sabuni ya mche iliyonipasua vidole hata asubuhi nikawa siwezi kukunja ngumi. Yeye alikaa kwenye kigoda mbele ya kile kidirisha cha duara, akitazama nguo zikizunguka. Wakati mwingine aliniita nije nione, kwa furaha kabisa. Nilimchukia kwa kuniita.

Mashine ilikuja na sabuni yake ya unga, isiyotoa povu jingi. Ilipokwisha, mwenye duka aliagiza nyingine Nairobi. Zikaja paketi mbili, moja ya mashine na moja ya kufulia kwa mkono. Ile iliyokuja na mashine ilikuwa na picha ya mashine. Hizi mbili zilikuwa na maandishi tu, ya Kiingereza.

Asubuhi moja, wenye nyumba wakiwa dukani, Baba alinijia na paketi zote mbili kifuani.

"Mwanangu, ya mashine ni ipi?"

Nilisoma moja, nikasoma ya pili, bila haraka. Kisha nikamwonyesha ile ya mkono.

"Hii hapa."

"Kikombe kimoja, kama ile ya zamani?"

"Hii ni hafifu. Weka vitatu."

Akanishukuru.

Povu lilianza kutokea juu, pale sabuni inapowekwa, kisha chini ya mlango. Likatanda jikoni, likavuka kizingiti, likaingia chini ya zulia la sebuleni. Baba alilikinga kwa aproni yake, kwa mikono, kwa magoti. Mashine ikatoa harufu ya kuungua na taa za nyumba nzima zikazimika. Mimi nilisimama uani na nepi mkononi, nikacheka. Sikucheka kwa sauti, lakini nilicheka.

Mke wa mwenye duka alirudi na majirani wawili. Alimwamuru Baba azoe povu kwa viganja, amepiga magoti, wale wanawake wakimtazama kutoka mlangoni.

"Wewe naweka ngapi?" alimuuliza kwa Kiswahili chake.

"Vikombe vitatu, mama."

"Nani nasema tatu?"

Baba aliinua uso akanitazama. Hakunitaja. Alinitazama tu, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kiatu ili waondoke pamoja.

"Mimi nilimwambia kimoja," nikasema. "Na nilimwonyesha ile nyingine. Labda hakusikia."

Baba alifukuzwa, akaondoka kabla ya saa sita, mvua ikinyesha, na kifurushi chake kichwani. Mke wa mwenye duka alipita nyumba za wenzake akiwaonya juu yake, na hakuna aliyemwajiri tena pale mjini. Alirudi Itumbe kuchuma chai, na mgongo wake ulikuwa mbovu tayari. Binti yake wa mwisho aliacha shule ili kumsaidia.

Fundi aliitengeneza mashine, nami nikapewa. Nilijifunza vizuri. Maji ya kwetu ni laini, hutoa povu upesi, kwa hiyo hata kikombe kimoja ni kingi. Nusu inatosha, na nguo nyeusi robo. Mke wa mwenye duka alinisifu mbele ya wageni. Siku nilipounguza kola ya shati kwa pasi, alinichapa kofi mbele ya wageni hao hao.

Niliolewa Magwagwa, nikazaa. Miaka sita ilikuwa imepita nilipokwenda Itumbe na kilo mbili za sukari. Nilimkuta nje ya nyumba yake akimenya ndizi. Alikuwa amepinda. Nikamweleza yote, paketi, vikombe, hata kicheko.

Aliendelea kumenya.

"Nilikuona ukicheka," alisema. "Uani, na nepi mkononi."

"Baba, nisamehe."

"Nilikungoja useme siku ile, pale jikoni. Neno moja tu. Hata ungesema umekosea kusoma, ningekusaidia kudanganya." Akachukua ndizi nyingine. "Leo unataka nikupunguzie mzigo. Ubebe."

Binti yake alitoka na kigoda cha mgeni. Mama yake akamwambia akirudishe ndani.

Niliacha sukari juu ya jiwe. Kabla sijafika kwenye barabara ya malori ya chai, binti alinifikia mbio, akanirudishia mfuko mikononi, akageuka akarudi kwao.

Baadaye mimi na Baba tulikutana mara kadhaa sokoni. Nilimsalimu naye akaitikia, kama anavyoitikia mpita njia yeyote.