Siku Mikayi Alipopigwa Mnada

Yule msichana wa kwenye video, aliyesimama juu ya benchi kanisani akapiga kelele kwamba sadaka ya mavuno ina ugonjwa, ni mimi. Nimeona afadhali niseme mwenyewe, maana mtaa wetu wote wa Kapsoya umeshaiona, na wanaonipenda hunitumia tena na tena ili nicheke nao.

Kuku mwenyewe anaitwa Mikayi. Jina alipewa na Dani, nyanya yangu wa Siaya, kwa sababu kwetu mikayi ni mke wa kwanza, yule anayefungua boma. Nilipohamia Eldoret kuja kuchora ramani za mashamba ya watu (mimi sina hata pa kupanda sukuma wiki), Dani alimfunga miguu kwa kamba akanikabidhi, akaniambia, "Huyu usimchinje, usimuuze, usimpe mtu. Nataka kusikia vifaranga wake kabla sijafa." Tangu hapo hunipigia simu kila Jumapili jioni, na kabla ya kuuliza kama nimekula, huuliza habari za Mikayi.

Sasa, mimi na kuku tulikuwa tumejuana kwenye sahani tu. Nilipoanza kufuga nilisoma kwenye simu dalili za kila ugonjwa, ila sikukumbuka kusoma dalili za afya, na ndipo mambo yalipoharibikia. Wiki hiyo Mikayi alibadilika. Aliingia kwenye boksi lake la kutagia akakataa kutoka, akayafurisha manyoya hadi akawa mkubwa kama mto, macho yakatazama mahali ambapo mimi sipaoni, chakula hataki, maji hataki, nikipeleka mkono ananidonoa na kuguna kama mzee aliyeamshwa, na kifuani amejinyonyoa mpaka ngozi inaonekana. Mayai nayo yakakoma (yale ya mwisho nilikuwa nimeyakaanga na vitunguu). Nikajiambia hiki ni kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima, na nikaanza kujizoeza maneno nitakayomwambia Dani.

Daktari mmoja wa mifugo husali kanisani kwetu. Basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa: nitaenda ibadani na Mikayi kwenye kikapu, nimfunike kwa leso, nimwonyeshe daktari baada ya baraka.

Mlangoni, mama anayekaribisha watu alifunua leso, uso ukamng'aa, akaniombea baraka na kukichukua kikapu. Nikadhani anakiweka pembeni kisisumbue. Kumbe alikuwa anakwenda nacho mbele, na nilipomfuata kwa macho nikaona magunia ya mahindi, maboga, mikungu ya ndizi, vibuyu vya maziwa ya mursik, na kuku wengine watatu wamefungwa miguu. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Ilikuwa imetangazwa wiki tatu mfululizo, na mimi wiki tatu mfululizo nilikuwa nimetoka kabla ya matangazo. Daktari naye, nikaambiwa, ameitwa huko Soy kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.

Mtaniuliza kwa nini sikusema pale pale. Ninyi mngesema? Mngeinuka katikati ya mahubiri kuomba sadaka yenu irudishwe? Nikaamua kumnunua kuku wangu mwenyewe kwenye mnada wa sadaka baada ya mahubiri. Lakini Mzee Kamau, mwenye duka la karibu na kanisa na sauti ya kuuza hata kivuli, alimwinua Mikayi juu akawaambia watu watazame alivyonona, na kwa kufura kule kweli alionekana amenona, na bei ikanipita kabla sijameza mate. Wa mwisho kuinua mkono alikuwa Mama Wambui wa Cheptiret, mjane anayelea wajukuu kwa kuku wake, na kuku hao wanajulikana barabara nzima ya huko.

Hapo nilimwona Mikayi akishuka Cheptiret na ugonjwa wake, nikawaona kuku wa yule mama wamelala chali mmoja mmoja, na nyuma yao wote nikamwona Dani ameshika simu. Sijui nilipandaje juu ya benchi.

"Msimnunue," nikapaza sauti. "Huyo kuku ni mgonjwa. Ana kideri."

Mzee Kamau akanitazama, Mikayi angali juu mikononi mwake. "Dada," akasema polepole, "Mungu unamletea kuku mgonjwa?"

Na Mikayi, ambaye hakuwa amejisaidia tangu jana, akaachilia mzigo mmoja mkubwa, wa kunuka hadi mabenchi ya nyuma, juu ya koti la suti ya Mzee Kamau.

"Si mnaona," nikasema, mpumbavu mimi.

Mama Wambui alikuja mbele bila haraka. Akamchukua Mikayi, akapitisha kiganja chini ya tumbo, akapuliza manyoya ya kifuani, akamsikiliza anavyoguna. Kisha akageukia watu. "Huyu ni mzima kuliko sisi. Kuku akitoa mzigo kama huo, ujue amejizuia siku nzima asichafue kiota. Na hapa amejinyonyoa ili mayai yapate joto la ngozi. Anataka kulalia." Akanitazama. "Mayai yake yako wapi?"

"Niliyala."

Sitaeleza kicheko kile, kiko kwenye video.

"Na jogoo unaye?"

"Sina."

"Basi hata ungemwachia, angelalia mpaka Krismasi."

Nikajaribu kucheka nao, kikatoka kilio. Nikaeleza habari za Dani, boma, na vifaranga anaowasubiri, na kicheko kikafifia benchi baada ya benchi. Mama Wambui akalipa alichoahidi, kwa sababu mnada ni mnada, kisha akaniwekea Mikayi mikononi. "Nimemnunua nikupe. Lakini mavuno yajayo ulete mtoto wake."

Jioni hiyo alinitumia kwa boda boda mayai kumi na moja ya kuku wenye jogoo, yamefungwa kwenye sweta, akanielekeza kwa simu niyasukume chini ya Mikayi giza likianza kuingia. Mikayi aliyavuta kwa mdomo, moja moja, akashusha pumzi, akatulia. Ndipo nilipouelewa uso ule niliodhani ni wa kufa.

Siku ishirini na moja nilijifunza kumtazama. Alitoka mara moja kwa siku, akala, akanywa, kisha siku moja akaanguka ubavu, akarusha miguu na mabawa vumbini kama mwenye kifafa. Nilishika simu kumpigia daktari, halafu nikaiweka chini. Alikuwa anaoga.

Jumapili vifaranga walipoanguliwa na kukauka manyoya, Dani alipiga simu. Nikavuta pumzi nimsimulie yote niliyomficha wiki tatu, akanikatiza.

"Binamu yako alinionyesha video. Nimekuona juu ya benchi la watu. Niwekee Mikayi kwenye simu."

Nikaiweka simu kando ya boksi. Vifaranga walilia wote pamoja, sauti nyembamba kama mvua ya kwanza kwenye mabati, na Mikayi akawajibu. Dani akaanza kuhesabu sauti zao kwa kunong'ona.

"Hao hawapungui wanane," akasema hatimaye.

Walikuwa tisa. Wa tisa nimeshamtengea Bwana, na nimeapa kwamba sitaingia tena kanisani na kikapu kabla ya kusikiliza matangazo, wala sitamwita mgonjwa kiumbe aliyenyamaza kabla ya kupeleka mkono chini yake nione anachokipa joto. Koti la Mzee Kamau nimelifua mara mbili. Bado anasema linanuka.