Siku Asukulu Alipojipaka Mawese Mbele ya Mukwe

Bamama, wale ba kucheka muanze sasa, juu hii haya niliitafuta mi mwenyewe, hakuna mutu wa kumupa lawama. Mi, mutoto wa batu, niliyefundishwa na mama yangu namna ya kupita mbali na baba mukwe, kumupa maji kwa mukono wa mutu mwingine, kutomuangalia machoni, nilimuangukia baba mukwe wangu miguuni muchana kweupe, nikiwa mwekundu mpaka viwiko, na nusu ya muji wa Baraka ikiangalia. Lakini muniache nianzie mwanzo, mutaona kwa nini naisimulia na kichwa juu.

Ilikuwa ile miaka ya utawala wa Babeleji, bwana yangu alikuwa na kazi ya kupima pamba, na mutoto wetu wa kwanza, Asukulu, alikuwa hatembei. Batoto ba rika yake balikuwa banakimbiza kuku, ye iko pale pale umemuweka, sawa mufuko wa chumvi. Surua ndiyo ilimumaliza nguvu. Siku moja niliweka muhogo kwa maji, akaingiza mukono mule ndani, akafinya kipande laini, pwaa, kikapita kati ya vidole, akacheka. Wenzangu, yule mutoto hakukuwa amecheka tangu surua! Basi nikaanza: leo beseni ya muchanga wa ziwa, kesho maharagi makavu, siku ingine majani ya ndizi yenye umande, manyoya ya kuku, mawe laini, na kibuyu chenye mbegu ndani, nilichokitikisa mbali kidogo ili akifuate kwa kutambaa. Akatambaa. Kisha akajifunza kusimama kwa kushika kitu. Jirani yangu, Mama Faida, alikuwa anapita anasema, "We mama, wenzako banafundisha batoto usafi, weye unafundisha uchafu!" Namujibu, "Mikono yake ndiyo macho yake, umuache aone." (Mudomo ninao, hiyo hata bwana yangu anajua.)

Habari ikafika Lubondja, kwa bakwe: mutoto anachezea matope, hatembei, mama yake hajui kulea. Baba mukwe akatuma neno, kwamba anakuja yeye mwenyewe kumuchukua Asukulu, akakandwe miguu na bibi yake, akae kule mpaka akomae. Kwetu, neno la baba mukwe halijibiwi. Nililia, na bwana yangu akaangalia chini. Munajua vile inakuwaga: mutoto akienda hivyo, anarudi siku moja ni kijana mukubwa, anakuamkia sawa mugeni.

Siku yenyewe nikaamka na mupango: nyumba ing'ae, mutoto ang'ae, sombe ya majani ya muhogo iive, samaki ya mikeke mikubwa ichomwe, bukari, ugali yetu, iwe laini, ili muzee akiona aone haya mwenyewe kuniondolea mutoto. Nikamuogesha Asukulu, nikamuvalisha kikanzu cheupe, nikamuketisha karibu na kinu. Akaanza kulia, anataka muchezo wake, na mi mikono yote iko kwa bukari. Nikasema, aa, kidogo tu, nimupe bakuli ya mawese, achovye kidole kimoja, nimalize. (Kidole kimoja! Mutoto gani duniani anachovya kidole kimoja?)

Kugeuka, bakuli iko kichwani. Mawese imeshuka kwa nywele, kwa masikio, kwa kikanzu, imefika mpaka kwa vidole vya miguu. Nikamumwagia maji, maji ikateleza ikaenda zake. Nikamupangusa na kitenge changu cha kupokelea bageni, sasa tukawa bekundu babili. Ndipo akili yangu hii munayoiona ikaniambia: unga! Unga inanyonya mafuta! Nikamumwagia unga wa muhogo, ikakutana na maji ile, ikawa uji, mutoto akawa sawa ukuta uliopakwa udongo mweupe halafu mvua ikaupiga. Na ye munajua anafanya nini? Amejiinua, ameshika kinu, anajipapasa tumbo, anacheka!

"Hodi!" Na hodi ile ilikuwa ya baba mukwe.

Alikuwa amekwisha kuingia uani na koti yake nyeupe ya kanisani, bwana yangu nyuma yake, na bajirani nyuma yao, juu bote balijua kitu kilichomuleta, na Mama Faida ndiye wa mbele. Nikapiga magoti mbali, uso pembeni, sawa vile desturi inataka. Muzee akamuangalia mujukuu. Akatoa kopo yake ya tumbako, akaigonga na kucha, tik, tik, namna alivyozoea mbele ya kunusa.

Asukulu akasikia, akaachilia kinu.

Akatupa muguu mumoja. Akatupa na ule mwingine.

"Anatembea!" bwana yangu akalia, na mi nikasahau desturi yote, nikaona tu mikono ile inaenda kwa koti ile, nikaruka nimukamate. Bamama, mutoto wa mawese hakamatiki! Akaniponyoka, akaendelea na safari yake, na mi nikateleza kwa ule uji, nikaenda kifua mbele mpaka kwa baba mukwe, na ili nisivunje meno nikashika magoti yake, yote mawili!

"Yoo, mama weee! Amemushika mukwe!" Mama Faida akafunika macho (lakini vidole aliviachanisha, nilimuona). Nilitaka udongo upasuke unimeze. Niliachilia magoti ile, nikabaki kifudifudi, najua sasa mutoto amekwenda.

Halafu nikasikia tena tik, tik. Nikainua jicho moja. Asukulu amefika, vidole vyekundu tele kwa koti nyeupe, anataka kopo. Na muzee, yule batu banamuogopa Lubondja nzima, akarudi nyuma makusudi, akagonga. Mutoto akamufuata. Akarudi tena nyuma. Akamufuata tena.

"Nani alimufundisha kufuata sauti?" akamuuliza bwana yangu, juu mi hawezi kuniuliza.

"Mama yake, baba," bwana yangu akajibu. "Na kibuyu, na ule muchanga."

Muzee akanusa, akapiga chafya. "Umuambie amenishika, kuku ya kuondoa haya ataleta, desturi ni desturi. Lakini mi nilikuja kuchukua mutoto asiyetembea. Huyu anatembea. Sasa nichukue nani?"

Jogoo nilitoa, ile kubwa kuliko zote. Na nikaapa: siku ya bakwe, mawese inapanda juu kwa dari, na mutoto akilia alie! Lakini ile jioni, muzee alipochukua njia ya Lubondja, alienda peke yake. Mi nilisimama mbali, uso pembeni sawa inavyotakiwa, Asukulu mugongoni ananipaka mawese kwa shingo, na sikumukataza.