Shura Ilikuwa Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremka kwenye lori Makambako nimefunga tai, na diploma ya uhifadhi wa nyama niliyoipata Kenya imo mfukoni mwa koti. Mimi, mtoto wa mkulima wa viazi wa Iwawa, nilijilipia masomo kwa kuchinja nguruwe wa watu. Enzi hizo za Mwingereza, Njombe nzima hapakuwa na Mwafrika mwingine mwenye karatasi ya namna ile. Kama alikuwapo, hakujitokeza.

Meneja wa kiwanda cha nyama ya nguruwe, Mzungu mwenye haraka, alinikabidhi chumba cha chumvi. "Shura wewe," akasema. "Kuuza, Zakaria."

Shura inafanana na chumvi ya mezani, lakini kazi yake si kukoleza. Tuliitia kidogo sana katika maji ya chumvi, tukalaza humo mapaja ya nguruwe, kisha tukayakausha kwa moshi. Huzuia nyama isiharibike na huifanya ibaki nyekundu hata ikipikwa. Ikizidi, yenyewe ni sumu. Ndiyo maana ilipimwa kwa mizani, na aliyepima ni mimi.

Zakaria, muuzaji wetu, alikuwa Mbena wa hapohapo, darasa la nne, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Mimi watu walinisalimu kwa heshima. Yeye walimkimbilia. Nilijiuliza kila siku wamempendea nini.

Meneja alipokaribia kwenda likizo Ulaya, alisema mmoja wetu atakuwa msimamizi mkuu, Mwafrika wa kwanza. Cheo kile nilikitaka kuliko nilivyotaka kuoa.

Wiki hiyo kanisa moja la Njombe lilinunua nyama yetu kwa sikukuu ya mavuno. Mimi na Zakaria tulipofika huko na meneja, mama mchungaji alikuwa amesimama jikoni, mikono kiunoni.

"Bwana Diploma, tumechemsha tangu asubuhi, kuni zimekwisha, nyama yako bado mbichi! Unataka kutuua?"

"Mama, imeiva. Shura inashikilia rangi ya damu ndani ya..."

"Damu!" Wanawake wakafunika masufuria.

Zakaria akapita mbele yangu, akawasalimu kwa Kibena. "Kamwene, akina mama!" Akakata kipande, akatafuna. "Nguruwe huyu kaona haya kuingia kanisani uchi, kavaa nyekundu. Hata mkimpika mpaka Krismasi, havui!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nyama ikaliwa, ikaisha. Maneno ya Krismasi yalikuwa yangu! Nilimwambia mimi mwenyewe siku moja, katika chumba cha chumvi. Lakini meneja alisikia kicheko tu, na kabla hajapanda meli Zakaria alikuwa msimamizi mkuu.

Nilifanya kazi chini yake mpaka kustaafu. Wageni wakija, alinishika bega na kusema, "Huyu ndiye fundi wangu wa shura." Wangu! Hakuna paja hata moja lililoharibika mikononi mwangu, na watu sokoni waliliita nyama ya Zakaria.

Ninyi vijana mnaotaka kujifunza kazi hii, someni, pateni vyeti, na semeni kwa sauti kabla mwingine hajawasemea. Nasikia mnapanda mpaka kwa Zakaria kumwuliza habari za shura, na mnarudi mmefurahi. Mnapokwenda huko mnapita mlangoni kwangu. Nawaona.