Darasa la Kuhutubia Lililokosa Wawili

Nilikuwa nimebakiza somo moja tu nimalize chuo, na somo lenyewe lilikuwa la kuongea. Si hesabu, si sheria za kodi. Hizo nilishazimaliza huku usingizi umenijaa machoni. Kuongea! Watu wazima walikaa kikao wakaamua kwamba mtu hapewi cheti cha uhasibu mpaka asimame mbele ya wenzake ahutubie. Mimi, niliyelelewa katika ukoo ambao hata kuomba chumvi mezani kunaanza na shukrani kwa waandaaji.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, katika chuo cha umma upande wa kaskazini wa Minneapolis. Ada ilikuwa inapanda kila mwaka, na kila ilipopanda tulipewa sababu ileile: bunge la jimbo kule Saint Paul limepunguza mchango wake, kwa hiyo kilichopungua anabebeshwa mwanafunzi. Basi wanafunzi nao wakaanza kupungua. Viwandani kazi zilikuwa tele, na mtu akiweka ada huku na ovataimu kule, anaenda zake kiwandani. Wanafunzi wakipungua, jimbo linauliza mbona mko wachache, linapunguza tena. Ukitaka kujua nani alianza, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Mimi hayo yote hayakuninyima usingizi mpaka wiki moja kabla ya muhula wa Januari, pale karani wa usajili aliponiambia, tena kwa tabasamu, kwamba darasa langu lina watu kumi na watatu. Wasipofika kumi na watano siku ya kwanza, linafutwa.

"Litarudi lini?"

"Labda mwakani."

Labda! Kulikuwa na ofisi ya mahesabu Richfield iliyoniahidi kazi, sharti niwe na cheti mkononi kabla ya kiangazi. Bila cheti, kiti changu anakalia mwingine, nami nabaki kule Blaine kwenye ghala la bata mzinga waliogandishwa, miguuni soksi tatu tatu na vidole sivisikii. Nilikuwa nimewabeba bata hao miaka minne. Nilifika mahali nawachukia mmoja mmoja.

Nikarudi nyumbani Columbia Heights nimevimba kwa hasira. Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, dada wa baba, pamoja na mume wake ambaye nilimwita mjomba. Shangazi alifua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Mjomba alisimamia maegesho ya magari mjini, lakini hiyo ilikuwa ya kumpa mkate tu. Kazi yake hasa ilikuwa uenyekiti. Harusi, msiba, kipaimara, kumuaga anayeondoka, kumpokea anayekuja: popote Waswahili wa miji ile miwili, Minneapolis na Saint Paul, walipokusanyika, mwenyekiti alikuwa yeye. Na kipaza sauti kikishaingia mkononi mwake, kukitoa ilikuwa shughuli nyingine inayohitaji kamati yake.

Nikamweleza. Akaweka kikombe cha chai chini taratibu.

"Kwa hiyo tatizo ni watu?"

"Watu wanaojiandikisha, mjomba."

"Hayo ya kujiandikisha ni madogo. Nakuuliza, tatizo ni watu?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, lia kwa mengine yote, si kwa watu. Watu tunao!"

Na mimi, na masomo yangu yote ya uhasibu, nikapoa moyo. Kwetu ukumbi ukijaa, shughuli imefana. Ni nani amewahi kuahirisha harusi na wageni wameshakaa? Mkuu wa idara atachungulia mlangoni, ataona umati, atarudi ofisini kwake ameridhika. Ndivyo nilivyojiambia.

Mjomba akashika simu jioni ile na hakuiacha. "Jumanne, chuoni, shughuli ya binti yetu. Msituangushe." Shughuli gani, hakusema, na ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza. Darasa lilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo aliwaambia saa kumi, maana aliwajua watu wake: ukiwaambia saa kumi wanaanza kutafuta viatu saa kumi na moja.

Sasa sikilizeni balaa. Watu wa mjomba walikuwa wameshazoea saa za kupiga kadi kazini bila yeye kujua. Saa kumi kamili wote wakawa mlangoni, wamevaa suti na vitenge juu ya sweta, mmoja amebeba blenda iliyofungwa karatasi ya zawadi. Nje baridi inakata masikio. Wakaingia mlango wa kwanza waliouona wazi, wakakaa.

Lilikuwa darasa la huduma ya kwanza. Mwalimu wa pale, ambaye naye alikuwa na wanafunzi watano na roho mkononi, alipoona safu zinajaa alidhani maombi yake yamejibiwa. Akawafundisha saa nzima na zaidi. Nilipowapata, mama mmoja mwenye kilemba alikuwa amepiga magoti anamkandamiza kifua mwanasesere wa mpira huku akimwambia, "Amka baba, amka, usituache," na mzee wa kwaya alikuwa amefungwa bendeji kichwani na hataki kuivua.

"Shughuli nzuri," akaninong'oneza. "Bibi harusi yuko wapi?"

Nikawahamisha. Wakati wa kuhama wakamchukua na kijana mmoja wa huduma ya kwanza, akatufuata mpaka ghorofa ya pili kwa sababu alisikia harufu ya pilau. Pilau, ndiyo. Shangazi alikuja na sufuria kubwa limefungwa kwenye blanketi, akaliweka nyuma ya darasa karibu na kipasha joto, akakaa kando yake.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba wa kizungu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alilipwa kwa darasa. Darasa likifutwa naye amefutwa. Alipoingia na kukuta watu wamesimama ukutani, alitoka akasoma tena namba ya chumba. Halafu akarudi akasema kila mtu asimame, ajitambulishe kwa dakika mbili. Akatuonyesha kadi mbili: ya njano maana yake muda unakaribia kuisha, nyekundu maana yake kaa chini.

Jamani! Dakika mbili, kwa mjomba!

Mjomba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu, chuo, jimbo, akina mama wa jikoni, akaomba radhi kwa ambao hakuwataja kisha akawataja. Mwalimu akainua njano. Mjomba akainamisha kichwa: "Nashukuru kwa onyo, refa. Nitacheza kwa nidhamu." Akaendelea. Mwalimu akainua nyekundu. Mjomba akaenda mbele, akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni na kupiga makofi, na watu wetu wote wakapiga makofi. Vijana wa kizungu waliojiandikisha nao wakapiga, hawajui wanapigia nini. Kisha, kabla hajakaa, akamnyooshea mkono mkewe: "Na yule pale ni mke wangu. Yeye si msemaji." Shangazi akafunika sufuria vizuri. Hata mwalimu hakumwita.

Kweli, shangazi hakuwa akizungumza Kiingereza mbele za watu. Alikielewa chote, alitazama habari za televisheni na kubishana nazo kwa Kiswahili. Lakini dukani, benki, shuleni, msemaji alikuwa mjomba.

Mkuu wa idara akaja wakati mzee wa bendeji anajitambulisha. Mama mrefu, buti za theluji, faili kifuani. Alitazama umati, akatazama karatasi yake, akatutazama tena.

"Waliojiandikisha na kulipa wainue mikono."

Mikono kumi na mitatu. Nikahisi bata mzinga wananiita kutoka Blaine.

"Mama," mjomba akasema, "hesabu sote. Tupo."

Mkuu wa idara hakuwa mkali, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alieleza polepole kwamba aliyekaa pale haonekani Saint Paul; anayeonekana ni aliyeandikishwa akalipa, na fedha za jimbo hufuata huyo, nazo zenyewe siku hizi zinakuja kwa kuchechemea. Chuo hakiwezi kumlipa mwalimu kwa makofi.

"Yaani serikali inamwona mtu kwa risiti?" Mjomba alikuwa ameumia kweli. Kwa maisha yake yote, kufika ndiko kulikuwa kutoa.

"Kwa risiti," akasema yule mama. "Dirisha la malipo linafungwa saa mbili. Mkipata wawili, darasa lipo. Msipopata, nalifuta usiku huu." Akakaa kwenye kiti cha mlangoni kusubiri, mtu akampa sahani ya pilau, akaila.

Wa kwanza alipatikana upesi kuliko nilivyotegemea. Alikuwa mwenye duka la vitambaa na viungo, Mkenya wa Mombasa, jirani yetu. "Mie hapa naingia," akasema akijifuta mikono. "Wallahi nikienda benki kuomba mkopo nageuka bubu. Nina-drive pale nikijisemea yote, nikifika mlangoni maneno yamebaki garini. Hebu niandikeni." Watu wakamshangilia mpaka dirishani.

Akabaki mmoja. Macho yote yakaenda kwa mjomba, na nani mwingine?

"Mimi?" Akacheka peke yake. "Mimi nimekuja kama mwenyekiti. Nifundishwe kuongea, mimi? Watu watanielewaje?" Akaanza kumpendekeza huyu na yule. Huyu ana shifti Jumanne. Yule ana mtoto mchanga. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba ameacha gari kwenye maegesho ya nusu saa, akashuka ngazi mbio na hakuonekana tena.

Nikashindwa kujizuia. Nilisimama juu ya kiti, mimi niliyelidharau somo la kuhutubia, nikawatolea uvivu. "Kujaza chumba mmejaza! Sufuria mmelimaliza! Mmemfufua mwanasesere asiyekuwa na roho, na mimi mnaniacha nife ghalani kwa kukosa mtu mmoja!" Sauti ikakatika, nikalia, na sikuona aibu. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye nilijua alikuwa ananipa alama.

Shangazi akainuka nyuma. Alishika mkoba wake kwapani, akapita katikati ya viti, akasimama mbele ya mkuu wa idara.

Yule mama akamtazama kwa upole. "Mama, hulazimiki. Unaelewa hili ni darasa la nini?"

"Anaelewa," mjomba akadakia, "ila yeye alikuja na chakula tu. Yeye na kuongea..."

"Mwaka juzi," shangazi akasema, kwa Kiingereza, "niliumwa mgongo."

Sauti yake kwa lugha ile nilikuwa siijui. Ilikuwa nene kidogo, haina haraka.

"Tukaenda hospitali. Daktari akaniuliza mimi. Akajibu mume wangu. Akasema tumbo. Nikapewa dawa ya tumbo." Akauhamishia mkoba kwapa la pili. "Nikainywa mpaka ikaisha."

Watu wakaangua kicheko, wetu na wa kwao, mwenye duka akajipiga mapaja. Shangazi hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Mgongo bado unauma," akasema.

Mjomba alikuwa amesimama na sahani mkononi. "Mke wangu," akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti ndogo ambayo hakuna mkutano uliowahi kuisikia, "mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi?" shangazi akamjibu. "Ulikuwa unaongea."

Watu wetu hawakucheka tena. Wazungu, kwa kuwa hawakuelewa, wakafanya ambacho kila mtu alizoea kufanya: wakamgeukia mjomba awatafsirie. Mjomba akaweka sahani chini, akamtazama mkewe. Basi shangazi akawageukia akawaambia mwenyewe, neno kwa neno, kisha akamwomba mkuu wa idara kalamu.

Darasa langu likapata mtu wa kumi na tano dakika chache kabla ya saa mbili. Nilimsindikiza mpaka dirisha la malipo. Alitembea mbele yangu amejikunja kidogo upande wa kushoto, mkono mmoja kiunoni, na mimi, niliyekula chakula chake miaka minne, ndiyo kwanza nilikuwa nauona mwendo ule.