Ukurasa wa Salamu wa Mzee Nasiri

Zamani mtu hakuingia ofisini hapa mjini Arua akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Alipeana mkono na kila aliyemo, akauliza habari za usiku, za watoto, za mihogo shambani, na yeye akaulizwa vivyo hivyo. Ndipo kazi ikaanza, na ikafanyika. Siku hizi wanaingia na waya masikioni, mbio hadi kwenye kompyuta, kana kwamba waliomo ni viti.

Mzee Nasiri aliyaona hayo kila asubuhi katika ofisi ya ushirika wa wafuga nyuki. Alizaliwa Koboko, katika ukoo wa askari wa zamani waliotoka Sudan, na shule aliiacha darasa la tano. Taipu alijifunza peke yake. Kompyuta vilevile, akiwa amepita miaka sitini, kwa kitabu kilichokosa jalada. Kazi yake ilikuwa orodha ya mizinga: ya nani imeingiwa na siafu, ya nani iko tayari kurinwa, katika vijiji vya Dadamu, Inde na kwingineko. Mkono wake wa kulia ulitetemeka. Kalamu ilikuwa imemshinda miaka mitatu sasa. Vibonye ndivyo alivyobaki navyo.

Kwa hiyo Jumatatu ile, Madamu Evelyn, meneja wao, alipotoka chumbani kwake na kusimama katikati ya ofisi, maneno yake yalimwangukia Nasiri kuliko wote.

"Bando ya intaneti ya wiki nzima imeisha siku mbili. Nimefungua historia ya kompyuta: kubeti, kubeti, kubeti. Ijumaa nitaangalia tena. Nikikuta hata moja, mashine inakwenda ghala la Koboko, na hapa mtaandika kwa mkono."

Igga, aliyewatembelea wafugaji vijijini, akatazama dari. Drateru, aliyepokea asali, akamtazama Igga.

Nasiri angeweza kumtaja Igga. Lakini alikolelewa, jina la mwenzako hulipeleki kwa mkubwa. Unamwita mwenyewe pembeni. Akamwita.

"Mwanangu, hiyo kitu itanitoa kazini."

"Mzee wangu, mechi moja tu. Dakika tano!"

Dakika tano za vijana wa leo Nasiri alizijua. Zinaanza asubuhi na kuisha magharibi.

Jumanne akawahi kuliko wote. Aliongeza kwenye kivinjari programu ndogo aliyosoma habari zake mahali: mstari wa kwanza unaandika anwani ambayo watu wanaikimbilia, wa pili unaandika wapelekwe wapi badala yake. Mtu anaomba mlango huu, anajikuta kwenye ule. Ilibaki kuamua awapeleke wapi. Onyo kali wangelicheka. Ushirika ulikuwa na tovuti yake, na mtunzaji wake alikuwa Nasiri mwenyewe. Akaandika humo ukurasa mmoja mpya, bila picha.

Igga akaingia, akaketi, akaandika anwani yake ya kila siku. Kioo kikamjibu:

*Karibu. Umeamkaje? Nyumbani wameamkaje? Mama mzazi ulimwona lini? Aliyeketi karibu nawe ana jina, umemsalimu? Ukimaliza, rudi kazini.*

Akabonyeza tena. Salamu zilezile.

"Mzee! Hii mashine iko na wazimu. Natafuta mpira, inaniuliza mama!"

"Si umjibu," alisema Drateru. "Ama hujui mama iko wapi?"

"Iko Dadamu. Iko mzima."

"Nani alikuambia? Mimi niko hapa karibu na wewe, tangu Pasaka sijasikia salamu yako."

"Mi ngoni, Drateru?" Igga akamsalimu kwa Kilugbara, kwa sauti ya kejeli.

"Muke, salama. Na usiishie hapo. Uliza mtoto."

"Haya, mtoto iko aje?"

"Alilazwa wiki mbili. Malaria."

Igga akageuka na kiti chake. Hakuwa na habari, na ofisi yenyewe ni hatua sita kwa nane.

Usidhani aliacha. Jumatano alitafuta tovuti nyingine ya kubeti, na nyingine. Kila alipopata mpya, Nasiri aliongeza anwani yake wakati wa chakula. Kufikia Alhamisi anwani zilikuwa tisa, na Igga akahamia kwenye simu yake, nje, kwa bando lake mwenyewe. Nasiri hakujidanganya kwamba amemponya mtu. Alichotaka ni mashine ibaki.

Ijumaa Evelyn akaketi, akafungua historia, akakunja uso.

"Nani huyu anasoma salamu mara thelathini na moja?"

Nasiri akasogeza kiti nyuma, akasimama.

"Ukurasa huo niliuweka mimi, Madamu. Anayetafuta kubeti anapelekwa pale."

Evelyn akavuta vibonye karibu. Akaandika anwani ya kubeti bila kumuuliza mtu inavyoandikwa, jambo ambalo halikumpita Drateru. Ukurasa ukafunguka. Akausoma hadi mwisho, kisha akarudi katikati.

"Mama yangu iko hapo Ediofe tu," alisema, kama anayejibu kioo. "Mwezi wa pili huu sijafika."

Akamgeukia Nasiri.

"Mzee, orodha ya Inde itatoka leo?"

"Saa tisa itakuwa imetumwa, Madamu."

"Basi kaa ufanye. Mashine inabaki. Na Koboko uende ukawawekee hii kitu kwa mashine yao, kule wanaangalia filamu mchana kutwa."

Akachukua mkoba wake, akampa mkono kila mmoja, akatoka, akashika njia ya Ediofe.

Nasiri akaketi. Kwamba watu wazima wamefikia kukumbushwa mama zao na kompyuta, hilo lilimuuma, na lingeendelea kumuuma. Lakini kiti kilikuwa chake, na mizinga ya Inde ilikuwa arobaini na mbili. Akaanza na wa kwanza.